Siga ya Kuba na glasi ya ramu: mwongozo wa jioni moja isiyo na haraka

Wengi wanaopewa siga ya Kuba kwa mara ya kwanza huiharibu ndani ya dakika kumi. Wanaivuta kama sigara ya kawaida, moshi mpaka kifuani, pafu juu ya pafu, huku ramu ikishushwa na kola. Siga inapata moto kupita kiasi, inageuka chungu, kichwa kinaanza kuzunguka, na kesho yake mtu anasema siga za Kuba ni jina tu. Si jina tu. Ila zina mwendo wake, na mwendo huo ndio unaoamua hata ramu inywewe lini na kwa kiasi gani. Katika mwongozo huu siga inaongoza na ramu inafuata nyuma. Ukigeuza mpangilio huo utajikuta unakunywa tu huku kitu cha bei kinaungua mkononi.

La afya tulimalize mapema. Moshi wa siga una madhara hata usipoingia mapafuni. Saratani ya mdomo, ulimi na koo inawapata wavuta siga, na tumbaku ikiungana na pombe hatari inakuwa kubwa kuliko ukijumlisha hatari ya kila kimoja kikiwa peke yake. Asiyevuta hana sababu ya kuanza. Aliyekwisha kuamua, iwe mara chache, mbali na watoto, na asiendeshe gari baadaye.

Chagua siga kwa muda ulio nao

Watu huanza na jina: Cohiba, kwa sababu ndiyo waliyoisikia. Mimi ningeanza na saa ya ukutani. Siga nzuri ikikatizwa katikati na kuwashwa tena baada ya saa mbili haina tena cha kukupa, kwa hiyo jiulize kwanza una dakika ngapi za kukaa kitako bila simu kukuita.

Ukiwa na nusu saa, chukua H. Upmann Half Corona, fupi ya milimita 90. Ukiwa na dakika 40 au 45, chukua Montecristo No. 4, yenye urefu wa milimita 129 na unene wa 42. Namba hiyo ya unene ni sehemu za 64 za inchi, maana yake siga ya 50 ina kipenyo cha karibu milimita 20. Kwa saa nzima kuna zile nene na fupi ziitwazo robusto, milimita 124 kwa 50: Partagás Serie D No. 4 kwa anayependa ukali, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 kwa anayetaka upole. Romeo y Julieta Churchill ni milimita 178, saa moja na nusu au zaidi. Hiyo iache mpaka uwe umezoea.

Kwa anayeanza napendekeza Montecristo No. 4 bila kusita. Si nyepesi mno, si kali ya kukuangusha, ladha yake ya kahawa na kakao inajitokeza hata kwa ulimi usiozoea, na inakaa vizuri na ramu. Cohiba ilianza mwaka 1966, na baadhi ya majani yake hupitishwa kwenye uchachushaji wa tatu ndani ya mapipa, ndiyo maana moshi wake ni laini. Lakini tangu bei zake zilipopandishwa dunia nzima mwaka 2022, kujifunzia kukata na kuwasha kwa Cohiba ni kuchoma fedha kwa maana halisi.

Inafaa kujua kilichomo ndani, kwa sababu kinaeleza mambo utakayoyaona mkononi. Majani yote ni ya Kuba, na yale bora hutoka Vuelta Abajo, mkoa wa Pinar del Río magharibi mwa kisiwa, kwenye mashamba ya San Luis na San Juan y Martínez. Katikati ya siga mna majani ya kujazia ya aina tatu: volado, linalosaidia kuungua, seco, lenye harufu, na ligero, la juu ya mmea, lililopigwa na jua zaidi, lenye nguvu na linaloungua taratibu. Kwa kuwa ligero ni zito kuungua, msokotaji huliweka kiini kabisa. Juu ya hayo linakuja jani la kufungia, halafu jani la nje, ambalo mmea wake hukuzwa chini ya vitambaa ili libaki jembamba na laini.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Siga bandia za Kuba ni nyingi kuliko unavyofikiri, na wanaozinunua ni watu wenye akili zao. Mtaani Havana atakufuata kijana mchangamfu na kukwambia ana ndugu kiwandani, na kwamba leo wafanyakazi wameruhusiwa kuuza kwa bei ya ushirika. Hakuna siku ya namna hiyo. Nunua kwenye duka rasmi, kwa mfano La Casa del Habano, ambalo lina maduka Havana kwenyewe, Dubai na miji mingine mingi, na uitunze risiti.

Ukipewa boksi zima, ligeuze. Chini yake pawe na chapa ya moto yenye maneno Habanos s.a. (kampuni inayouza siga za Kuba), Hecho en Cuba na Totalmente a mano, na pembeni muhuri wa wino wenye herufi za kiwanda pamoja na mwezi na mwaka wa kufungwa boksi. Miezi huandikwa kwa Kihispania: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Upande wa mbele kushoto pana karatasi ya dhamana ya kijani na nyeupe, yenye hologramu na namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos. Na kama ni Cohiba iliyo kwenye boksi lenye kifuniko cha kioo, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Cohiba haijawahi kuuzwa hivyo.

Tarehe ile ya boksi ina kazi nyingine pia. Siga iliyosokotwa miezi michache tu iliyopita bado inaweza kuwa na harufu ya amonia, ile inayochoma pua. Mwaka mmoja na zaidi ndani ya boksi huituliza. Kati ya maboksi mawili ya bei moja, chukua la zamani.

Unaporudi nayo nyumbani, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima kuingiza gramu 250 za tumbaku kwa jumla na lita 1 ya pombe kali bila ushuru. Robusto moja ina gramu 11 hivi, kwa hiyo boksi la robusto 25 linazidi kiwango hicho, ilhali boksi la Montecristo No. 4 halizidi. Ndugu zetu walio Marekani wana habari nyingine. Vikwazo vilivyoanza Februari 1962 vililegezwa kwa wasafiri mwaka 2016, kisha Septemba 2020 mlango ukafungwa tena, na tumbaku wala pombe ya Kuba haziruhusiwi kuingia hata kwa matumizi binafsi. Walio Kanada hawana zuio hilo.

Ramu ya kuweka pembeni

Kosa la kawaida hapa ni utamu. Mtu anadhani kwa kuwa siga ni kali, basi ramu iwe tamu ili kusawazisha. Captain Morgan, kwa mfano, ina viungo na vanila, na inapaka ulimi mafuta ya utamu hata siga ya Montecristo na siga ya barabarani zikawa kitu kimoja. Diplomático Reserva Exclusiva ya Venezuela ni ya daraja la juu zaidi na wengi wanaipenda na siga, lakini kwangu bado ni tamu mno. Inafaa mwishoni, mahali pa kitindamlo. Konyagi tuiache palepale ilipo, na barafu na ndimu. Si ramu.

Ramu ya Kuba yenyewe ni kavu na nyepesi. Hutengenezwa kwa molasi ya miwa, huchujwa kwa mkaa na kukomazwa kwenye mapipa ya mwaloni mweupe yaliyokwisha kutumika, na wenye mamlaka ya kuichanganya huitwa maestros roneros. Ujuzi wao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022. Wepesi huo ndio unaoifaa siga: ramu inasema neno lake na kuondoka ulimini.

Havana Club 7 Años ndiyo ya kuanzia. Ina kakao kidogo, vanila kidogo, na ukavu fulani mwishoni unaokutana vizuri na moshi wa Montecristo. Ukiwa na Partagás au Bolívar, siga nyingine kali ya Kuba, tafuta Havana Club Selección de Maestros, yenye asilimia 45, maana ya asilimia 40 inaweza kumezwa na ukali wa siga. Santiago de Cuba 11 Años ni ya upole na inaipenda Hoyo de Monterrey. Ramu hiyo hutoka mji wa Santiago, kule Bacardí ilikoanzishwa mwaka 1862 kabla ya familia kuondoka Kuba mwaka 1960 mali zake zilipotaifishwa. Tena, chupa iliyoandikwa Havana Club inayouzwa Marekani ni ya Bacardí na haitoki Kuba, hivyo usiihukumu ya Kuba kwa hiyo.

Ramu nyeupe na ndimu, yaani daiquiri au mojito, ni vinywaji vizuri sana vya kabla. Vikikutana na moshi, ule uchachu unapigana nao. Vimalize kwanza.

Utunzaji, hasa kwa wa pwani

Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 16 hadi 20 hivi. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hazina hata kimoja kati ya hivyo. Hewa ya pwani inaivimbisha siga mpaka jani la nje linapasuka, na ikiwashwa inazimika kila dakika mbili. Joto likipanda kupita nyuzi 24 au 25, mayai ya kidudu cha tumbaku yanaweza kuanguliwa, na siku moja utakuta matundu ya ukubwa wa kichwa cha pini yaliyochimbwa safi kabisa kuvuka siga zako zote.

Huhitaji sanduku la kifahari. Chukua kopo la plastiki la kuhifadhia chakula, jipya, lisilo na harufu, lenye mfuniko wa kubana. Weka siga na kipakiti cha kudhibiti unyevu kilichoandikwa 65, na ukipata vibanzi vya mwerezi vinavyokuja ndani ya maboksi ya siga, viweke pia. Kwa bahati, mti wenyewe, Cedrela odorata, uliletwa Tanzania zamani na umeshamiri kiasi kwamba katika msitu wa Kimboza, Morogoro, unahesabiwa kuwa mti vamizi. Hata hivyo usikimbilie kwa fundi seremala kuomba vipande. Mbao isiyokaushwa sawasawa hutoa utomvu unaonata, na siga hunyonya kila harufu. Kopo likae chumba chenye ubaridi kuliko vyote, mbali na dirisha. Friji ya kawaida haifai, inakausha, na asubuhi siga itanuka dagaa.

Ukiona matundu, funga siga zote ndani ya mfuko usiopitisha hewa, zigandishe kwenye friza siku tatu, zihamishie friji siku moja, kisha zirudishe kwenye kopo. Waliosafiri kwa ndege na siga wazipumzishe wiki mbili au tatu kabla ya kuzigusa.

Nairobi ni nafuu kwa joto, lakini ina mtego mwingine. Viberiti vingi vya gesi vyenye moto wa kuvuma hugoma kwenye mwinuko wa mita 1,700 na kuendelea: unabonyeza, kinatoa cheche, hakiwaki. Nunua njiti ndefu za mbao. Na kwenye ndege viberiti vya aina hiyo haviruhusiwi hata kwenye mzigo wa mkononi.

Jioni yenyewe

Kula kwanza, na ushibe. Siga kwa tumbo tupu ndiyo inayowaangusha watu: jasho jembamba, kichefuchefu, mikono baridi. Hiyo ni nikotini, hupita, na kijiko cha sukari au soda tamu husaidia. Wali na nyama, au samaki wa kupaka, vinafaa, ila pilipili iwe ya wastani maana ulimi unaowaka hauonji kitu. Baada ya chakula kaa nusu saa.

Mahali pasiwe na upepo. Najua picha nzuri ni ya ufukweni, lakini upepo wa bahari unaichoma siga upande mmoja na kuifanya iwe moto na chungu. Kaa upande wa nyumba uliokingwa, na feni izime au ielekeze kwingine. Hotelini au baa, uliza kwanza panaporuhusiwa: Kenya ilipiga marufuku uvutaji kwenye maeneo ya umma kwa sheria ya mwaka 2007, isipokuwa sehemu zilizotengwa, na sheria ya Uganda ya 2015 ni kali zaidi, tena haimruhusu aliye chini ya miaka 21 kuuziwa tumbaku. Andaa maji ya kunywa yasiyo baridi sana, kisahani cha majivu chenye nafasi, na glasi ndogo yenye tumbo pana na mdomo uliobana. Glasi ya mvinyo inatosha.

Mimina mililita 40, zaidi kidogo ya toti moja. Usiweke kola. Barafu nayo hufunga harufu, lakini kwenye chumba cha nyuzi 30 ramu inatoa mvuke wa pombe unaochoma pua kabla hujaonja chochote, kwa hiyo pwani chupa ikae kwenye friji dakika 15 au 20 tu, kisha umimine. Matone mawili ya maji nayo si dhambi. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, onja tone moja kabla ya kuwasha siga, ukumbuke ladha yake ikiwa peke yake. Halafu iweke chini. Hutaigusa kwa muda.

Sasa siga. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho: iwe na unyumbufu kidogo, isilie kama jani kavu, na isiwe na sehemu ngumu kama fundo. Itazame kichwa, upande ule wa kutia mdomoni. Siga ya Kuba imefungwa kwa kofia ya jani lililozungushwa mara tatu, na ukiikaribisha kwenye taa utaona mistari miwili mitatu myembamba inayoizunguka. Kata kwa kikatio chenye makali pande zote mbili, milimita 2 au 3 tu kutoka juu, kabla bega la siga, yaani pale kichwa kinapopinda, halijanyooka. Ilowanishe kofia kwa midomo kidogo kwanza ili isipasuke, weka makali yaguse, kisha kata kwa mkupuo mmoja. Ukikata chini ya mstari wa mwisho wa kofia, jani la nje litaanza kufunguka na halitarudi. Huna kikatio? Wembe mpya unafaa: zungushia mchanjo kuifuata kofia, kisha iondoe kwa ukucha. Kisu cha jikoni hapana, na meno ni ya sinema.

Ivute ikiwa bado haijawashwa. Hewa ipite kwa ukinzani mdogo, kama unanyonya juisi nyepesi kwa mrija. Hapo utapata ladha ya kwanza, mara nyingi nyasi kavu au zabibu kavu. Ikiwa imeziba kabisa, ambayo ni aibu ya zamani ya siga za Kuba, ikande kwa upole pale palipo na fundo, au pitisha chuma chembamba katikati kuanzia kichwani. Ikikataa, chukua nyingine.

Kuwasha ndiko kunakoamua nusu ya jioni, na hapa sitakwenda haraka. Tumia njiti ndefu au kiberiti cha gesi. Kile cha petroli na mshumaa vinaacha ladha yake kwenye tumbaku, na njiti nayo iache kwanza kichwa chake cha baruti kiishe kuungua. Ishike siga kwa pembe, ncha yake ikiwa juu ya moto bila kuugusa, na uizungushe polepole. Usivute. Utaona ukingo unakuwa mweusi, kisha uwekundu unatambaa kutoka pembeni kuelekea katikati. Hiyo inaweza kuchukua nusu dakika. Sasa itie mdomoni, vuta pole huku unaizungusha na moto ukiwa sentimita moja mbali, mpaka ncha nzima iwake. Itoe, ipulizie kwa upole, uitazame. Kukiwa na sehemu nyeusi isiyo na wekundu, irudishie moto pale tu. Dakika moja zaidi hapa inakuokoa na siga inayoungua upande nusu saa nzima.

Moshi unabaki mdomoni. Uvute kwa mashavu, uuache ugeuke juu ya ulimi, kisha uutoe. Usiupeleke kifuani. Ukishazoea, utoe kidogo, kama robo yake, kupitia puani: harufu nyingi zinasikika huko kuliko ulimini, ingawa mara ya kwanza machozi yatakutoka. Piga pafu moja kwa dakika, si zaidi. Ukikuta siga imekuwa moto karibu na vidole, umekimbia. Iweke kisahanini dakika mbili.

Theluthi ya kwanza ni ya siga peke yake na maji. Montecristo hufungua na mbao, korosho za kukaanga, na uchachu mdogo wa kahawa. Partagás inaanza na udongo na pilipili manga. Ukihisi nyasi na asali, huenda unavuta Cohiba. Usijilazimishe kuyapata maneno ya kwenye magazeti ya siga. Kama unachosikia ni harufu ya kahawa chungu ya jioni au kashata iliyoungua kidogo, hilo ndilo jibu, liandike.

Majivu yaache yashike sentimita 2 au 3, kisha uyaangushe kwa kuyagusisha ukingoni, bila kupigapiga kwa kidole kama unavyofanya sigara. Yakianguka, itazame ncha: kaa la moto lililochongoka katikati linaonyesha kwamba ligero iko mahali pake na inaungua kwa kasi yake. Kaa lililo na shimo katikati linaonyesha siga inaungua kwa ndani.

Ramu inaingia theluthi ya pili inapoanza. Piga pafu, toa moshi, subiri kidogo. Kisha kunywa tone dogo, la kulowanisha ulimi tu, lishike kwa muda wa pumzi mbili, meza, halafu toa pumzi kwa pua. Usipige pafu mara moja. Angalia kilichobadilika: je, ramu imekuwa tamu kuliko ulivyoionja mwanzo? Kwa Havana Club 7 mara nyingi ndivyo, kile kikavu kinajificha na vanila inajitokeza. Pafu la baadaye ndilo la kulisikiliza zaidi, kwa kuwa moshi wa Montecristo ukikutana na mabaki ya ramu ulimini hugeuka kakao tupu kwa sekunde chache. Kunywa maji, pumzika, rudia. Tone moja kwa kila pafu tatu au nne linatosha, na mililita 40 zitakufikisha mwisho.

Mambo yakienda vibaya ni rahisi kujua ni nani mwenye kosa. Ikiwa baada ya tone la ramu siga haina ladha yoyote, ramu ni tamu au nyingi mno. Ikiwa ramu imekuwa chungu, siga imepata moto au ni kali kuliko ramu hiyo. Kwa hali zote mbili kunywa maji, kaa dakika tatu, na uongeze matone ya maji kwenye glasi. Na tafadhali, usichovye kichwa cha siga kwenye ramu. Tumbaku iliyolowa haipitishi hewa, na ramu yenye vipande vya majani hainyweki.

Pete ya karatasi unaweza kuiacha au kuitoa, hakuna wa kukuhukumu. Ila usiitoe siga ikiwa bado baridi, kwa kuwa gundi huweza kung'oa jani la nje. Ikishapata joto la kutosha, inateleza yenyewe.

Siga ikizimika, haijaharibika. Pangusa majivu, pulizia hewa kutoka kichwani kwenda nje ili kutoa moshi uliolala, kisha iwashe kama mwanzo. Ikiungua upande mmoja, gusisha moto kwenye upande uliobaki nyuma, kidogo tu.

Theluthi ya mwisho huwa kali, maana unavuta kupitia tumbaku iliyokusanya mafuta na nikotini ya yote yaliyoungua. Wapo wanaoipenda hadi vidole viungue. Mimi nashauri uache mara tu ladha inapogeuka ya moto na chuma, hata kama zimebaki sentimita 5. Bakiza tone moja la ramu la kunywa baada ya siga kuwekwa chini, bila moshi, ulinganishe na lile la kwanza.

Siga haisagwi kisahanini. Iache ijizimie yenyewe, dakika chache tu, na harufu mbaya ya tumbaku iliyovunjwa hutaipata. Kisahani kimwagwe nje usiku huohuo, madirisha yafunguliwe, na mswaki upigwe kabla ya kumkaribia mwenzio.

Andika ulichoonja: siga gani, ya boksi la mwezi gani, ramu gani, na ni wapi palipokufurahisha. Mara nyingine badilisha kitu kimoja tu. Siga ileile ya boksi lilelile na Santiago de Cuba 11 badala ya Havana Club 7, halafu, ukishazijua hizo mbili, Partagás na Selección de Maestros, baada ya chakula kizito zaidi.